Kigeugeu wa Plastiki

Kiswahili hakina huruma na kinachogeukageuka. Asiye na msimamo tunamwita kigeugeu, aliyehama chama mara tatu tunamwita kinyonga, na mwenye sura moja kwa mwenyeji na nyingine kwa mgeni ni ndumilakuwili, jina tuliloazima kwa nyoka anayesemwa ana vichwa viwili. Hata hivyo, nenda kwenye maduka ya mji wowote wa mpakani, Horohoro ukiwamo, utazame kinachoning'inizwa juu kabisa, pale mtoto anapoweza kukiona lakini hawezi kukifikia. Ni kigeugeu. Ni roboti ya plastiki inayokunjwa ikawa gari, na boksi likiwa na majigambo zaidi, inakuwa gari, ndege na kifaru kwa pamoja. Ninalo moja la kusema juu yake: idadi ya sura iliyoandikwa kwenye boksi haitupi habari yoyote ya maana kuhusu ubora wa kilichomo. Kinachopaswa kupimwa ni mapito, ule mwendo wa katikati kutoka sura hadi sura, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapocheza, hapo ndipo mtengenezaji anapobana matumizi, na hapo ndipo plastiki inapokatika.

Horohoro ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, maana mji wenyewe ni bawaba. Upande huu ni Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Upande wa pili ni Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale. Na Wadigo wako kotekote, wanaoana na kuzikana bila kuuliza ramani inasemaje. Barabara ya kilomita 65 kutoka Tanga mjini iliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia shirika la MCC, katika mpango wa miaka mitano uliofungwa mwaka 2013. Kwa mwenye duka wa hapa, Mombasa iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo mdoli uliotoka China, pengine Chenghai kule Guangdong ambako viwanda vya vitu vya kuchezea vimejazana, unaweza kumfikia kwa njia ya bandari ya nchi hii au ya jirani. Hapa vitu hubadilika majina kwa mwendo wa hatua chache: daladala inakuwa matatu, na shilingi inakuwa shilingi nyingine. Aliyezoea mpaka anajua kwamba uchovu wa safari hauko upande huu wala ule. Uko katikati, kwenye foleni. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipoanza kazi, msafiri akamalizana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, Tanzania ilibaki Tanzania na Kenya ikabaki Kenya. Kilichobadilika ni mapito, na kila aliyewahi kuvuka kabla na baada ya hapo ameuona uzito wa badiliko hilo.

Forodha nayo ina la kutufundisha. Januari 2003, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Toy Biz dhidi ya serikali. Ubishi ulikuwa kama vinyago vya mashujaa wa X-Men ni wanasesere, yaani mifano ya binadamu, au ni vitu vya kuchezea vya namna nyingine. Wanasesere walitozwa ushuru wa asilimia 12, hivyo vingine asilimia 6.8, na kampuni ikashinda kwa hoja kwamba mashujaa wake si binadamu. Ningependa kumwona hakimu yule akiletewa roboti yetu: ni mtu, ni gari, au ni ndege? Siku hizi swali hilo halina fedha ndani yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2007 ya mfumo wa dunia wa kuainisha bidhaa, mfumo ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki inautumia, wanasesere, vibaiskeli vya watoto vya magurudumu matatu na vitu vingine vya kuchezea viko chini ya namba moja, 9503. Hata ule utaratibu wa kuwarahisishia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hauihusu roboti yetu, kwa kuwa ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kigeugeu wetu ni mgeni kwa sura zake zote. Ofisa wa forodha, basi, hahesabu sura, na sioni kwa nini mzazi azihesabu.

Wazo la sura nyingi si geni. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua roboti za kampuni ya Takara ya Japani, kutoka mikusanyo ya Diaclone na Microman, ikazipa jina la Transformers pamoja na katuni ya kuzitangaza. Mwaka uliofuata zikaja za sura tatu: Astrotrain, anayegeuka treni ya mvuke na chombo cha anga za juu, na Blitzwing, ambaye ni jeti na pia kifaru. Mwaka 1986 akaja Octane, lori la mafuta na ndege ya abiria, ambaye kwa sura yake ya kwanza angejiona yuko nyumbani kwenye foleni ya Horohoro. Mwaka 1987 dau likapandishwa kwa Sixshot mwenye sura sita: roboti, mbwa mwitu mwenye mabawa, jeti, kifaru, gari la deraya na bastola. Wakusanyaji wanampenda Sixshot hadi leo, na wana haki. Lakini bastola ile inahitaji macho ya huruma, na jeti ile isingeruka hata ndotoni. Wabunifu wake hawakuwa wavivu. Walikuwa wamebanwa na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika gari la kawaida la kuchezea, paa lina kazi moja tu ya kuwa paa. Katika roboti ya sura mbili, paa hilo lazima liwe pia kifua, au mgongo, au ngao. Ikiongezwa sura ya ndege, paa lile lile sasa liwe tumbo la ndege au sehemu ya bawa. Kila kipande kinabeba vyeo vitatu kwa mshahara mmoja. Kisicho na kazi katika sura fulani kinatafutiwa pa kujificha, na kikikosa kinabaki kuning'inia mgongoni kama begi la mwanafunzi. Hivyo ndivyo tunavyopata ndege nene kama mkate wa mofa na vifaru vyenye mabawa. Mbunifu ana njia moja ya kutokea, nayo ni kuongeza viungo: vipande vigawanywe vidogo zaidi, kila kimoja kipewe bawaba yake, ndipo vijipange vizuri. Njia hiyo ina bei. Bawaba ni pini iliyopitishwa kwenye tundu la plastiki, na ukuta wa tundu hilo ndio wembamba kuliko sehemu nyingine zote za mwili. Chukua mguu wa roboti ya bei ya chini uusogeze kwenye mwanga. Pale penye goti, kuzunguka pini, utaona mstari mweupe mwembamba kama unywele. Huo ni uchovu wa plastiki unaojionyesha kabla ya kuvunjika. Endelea kuukunja na kuukunjua, mstari unakuwa ufa, ufa unakula ukuta mzima, halafu siku moja goti linakatika kwa mlio mdogo mkavu, na tangu hapo gari linakosa boneti na roboti inakosa mguu, maana vyote viwili vilikuwa kipande kimoja. Plastiki ngumu yenye unyumbufu kidogo, ile ambayo viwandani huitwa ABS, huvumilia adha hiyo kwa muda mrefu. Ile inayong'aa kama kioo haivumilii. Kwa hiyo tukishika ubora wa plastiki uwe uleule na bei iwe ileile, kila sura inayoongezwa inaongeza mahali pa kuvunjikia. Boksi linaziita zawadi. Fundi angeziita madeni.

Jambo jingine ambalo boksi halilisemi ni safari ya kurudi. Picha huonyesha gari, kisha mshale, kisha roboti imesimama na ngumi juu. Mshale wa kurudi huoni. Lakini mtoto lazima arudi, na kurudi ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na mbaya. Roboti ikisimama, nafasi ndogo kati ya bega na kifua haimuudhi mtu. Hata binadamu ana mianya. Gari halisamehe. Vipande vyote vinatakiwa kukutana kwa wakati mmoja, vishikizo viingie kwenye matundu yake, na magurudumu yote manne yaguse sakafu. Mdoli mzuri hukujulisha kwa kidole kwamba umefika: kuna mbonyeo mdogo, "tik", na kipande hakitikisiki tena. Mdoli mbaya unausukuma upande mmoja, upande wa pili unafumuka, unaubana huo, boneti inainuka. Mtoto akishindwa mara tatu huacha sura moja ikawa ya kudumu, na roboti ya sura tano iliyogandia kwenye sura moja ni mdoli wa sura moja ulionunuliwa kwa bei ya tano.

Kuna jamaa mwingine wa ukoo huu ambaye anauzika sana na ambaye mimi namweka daraja la chini kabisa, nikijua kwamba watoto wa umri mdogo watanipinga kwa vilio. Ni lile gari la betri linalojigeuza lenyewe. Unabonyeza swichi chini ya tumbo, linakimbia, linagonga ukuta, linageuka upande. Baada ya muda linasimama, milango inafunguka ikawa mikono, kichwa kinachomoza, taa za bluu na nyekundu zinawaka, muziki unalia kama wa gari la matangazo ya uchaguzi. Kisha linajikunja na kuendelea na safari. Kiufundi ni kazi ya kusifiwa: mota ndogo na meno ya gia vinafanya yote hayo bila ubongo wowote. Lakini mtoto amefanya nini? Amebonyeza swichi. Mapito, ambayo ndiyo mali yenyewe, yamechukuliwa na mota, na mtoto amebaki kuwa mtazamaji wa sherehe ya mwingine. Betri zikiisha, na zinaisha haraka, sherehe inafungwa katikati, mara nyingi roboti ikiwa nusu mtu nusu gari, na hapo hakuna mkono unaoweza kuikunja bila kuvunja gia.

Naijua hoja itakayonijia kutoka upande wa pili: mtoto hahitaji usahihi wa fundi. Ana dhana. Kipande cha mbao kwake ni basi la Tanga–Mombasa, kifuu cha nazi ni jahazi, kwa hiyo kwake ndege nene inapaa vilevile, na sura tano ni milango mitano ya dhana badala ya miwili. Ni hoja nzuri, na nusu yake ni kweli. Ila ikifuatwa hadi mwisho inageuka kuwa upande wangu. Ikiwa dhana ya mtoto inaweza kufanya kipande cha mbao kiwe basi, basi mtoto huyo hana haja ya kuuziwa sura tano; anazo hamsini bure. Ambacho dhana haiwezi kumpa ni upinzani wa kitu halisi mkononi: bawaba inayokubali upande mmoja na kukataa mwingine, mkono ambao lazima ukunjwe kabla ya mguu, kosa la hatua ya pili linalojitokeza hatua ya tisa. Karatasi ya maelekezo ya midoli hii huwa imejaa michoro na mishale, na maneno yake machache ni ya Kiingereza au Kichina. Mtoto wa Mkinga asiyejua lugha hizo mbili anajikuta anasoma mchoro kama fundi seremala anavyosoma ramani ya kabati. Hiyo ni elimu, na haitokani na wingi wa sura. Roboti ya sura mbili yenye hatua kumi na mbili zilizopangwa vizuri inafundisha zaidi ya ile ya sura tano ambazo nne kati yake ni roboti ileile imelazwa kifudifudi.

Wapo pia watakaosema tuyaache haya maplastiki, turudi kwenye magari ya waya. Kumbukumbu za pwani hii zimejaa magari hayo: fremu ya waya uliookotwa, bodi ya kopo la mafuta, magurudumu ya ndala chakavu zilizochongwa kwa wembe, na usukani mrefu unaomwezesha dereva kukimbia akiwa amesimama wima. Ukilipima kwa kipimo changu, gari la waya linapata alama za juu sana, kwa sababu mapito yake yote yako mikononi mwa mtoto. Lori likichosha, waya unanyooshwa na kesho yake ni basi. Hakuna pini ya kukatika isiyoweza kufungwa upya. Lakini siwezi kuwafuata wanaolipamba hadi kuwa hirizi. Kopo lilikata vidole, ncha za waya zilichoma, na katika nyumba nyingi lilikuwa la wavulana. Wasichana walikabidhiwa mtoto halisi wa kubeba mgongoni. Tena mtoto alitengeneza kwa sababu hakununuliwa, na ufukara si mtaala. Funzo ninalolichukua kwenye gari la waya ni dogo kuliko wanavyotaka wao: kilichofunguka kwa mkono kifungike kwa mkono. Kipimo hicho kinaweza kudaiwa hata kwa kiwanda. Kule Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi zima kwa taka za plastiki na kulifunika kwa ndala zilizookotwa. Jahazi hilo, lililoitwa Flipflopi, liliteremshwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Walichofanya ni kuuchukua ufundi wa zamani na kuuhamishia kwenye plastiki. Mtengenezaji wa midoli naye anaweza kudaiwa mambo madogo zaidi ya hayo: skrubu badala ya gundi, pini inayotoka kwa bisibisi, na mguu wa akiba ndani ya boksi.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mfuko. Mzazi mwenye kipato cha vibarua hachagui kati ya mdoli mzuri na mbaya. Anachagua kati ya mbaya na kurudi mikono mitupu siku ya Idi. Furaha ya siku tatu ni furaha. Tena, watasema, mtoto ni mharibifu, umpe cha bei kubwa akivunje? Sina haki ya kumcheka mzazi huyo na simcheki. Namjibu kwa hesabu yake mwenyewe. Kwa fedha ileile ambayo duka linataka kwa roboti ya sura nne ya plastiki ya kioo, mara nyingi lipo gari la kawaida lililo imara, au roboti ndogo ya sura mbili yenye viungo vichache vinene. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kinachojitembeza hapa ni tarakimu iliyoandikwa kwa rangi ya moto kwenye kona ya boksi. Na kuhusu uharibifu, kitu ambacho kazi yake ni kukunjwa kisivumilie kukunjwa, lawama haiwezi kuwa ya aliyekikunja. Hatumlaumu msafiri kwa kuchakaza mlango wa basi.

Kuna upande mmoja ambao sitaki ubishi juu yake, nao ni usalama. Viungo vingi maana yake ni vipande vidogo vingi siku ya kuvunjika. Viwango vya kimataifa vya vitu vya kuchezea, vile vya ISO 8124, vina kifaa rahisi cha kupimia: silinda ya kipenyo cha milimita 31.7, mfano wa koo la mtoto mdogo. Kipande kinachozama chote ndani yake hakifai kuwamo kwenye mdoli wa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ndiyo maana maboksi mengi yana kile kichwa cha mtoto kilichopigwa mstari na alama ya miaka 3 kwenda juu. Alama hiyo haihusu akili ya mtoto wako. Inahusu koo lake, na koo la mdogo wake anayetambaa palepale sakafuni. Roboti zinazotumia betri bapa kama za saa zina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa betri ya namna hiyo ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mfuniko wa betri usiofungwa kwa skrubu unatosha kuwa sababu ya kutonunua, hata roboti iwe na sura ishirini. Shirika la Viwango Tanzania lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 lina wajibu wake katika hili, ila mzigo unaopita njia za panya haukaguliwi na mtu, na hapo mkaguzi wa mwisho ni wewe.

Ningependa siku moja kuona kigeugeu aliyebuniwa na vijana wetu wa vyuo vya ufundi vya VETA au wa viwanda vidogo vya SIDO, wa sura mbili tu, bajaji na guta, mwenye skrubu nne na maelekezo ya Kiswahili. Hadi hapo, ukisimama mbele ya duka la Horohoro au la Ngamiani, Tanga mjini, mwombe mwenye duka afungue boksi. Kunja goti la roboti mbele ya mwanga. Igeuze iwe gari, kisha irudishe, kisha igeuze tena, ukisikiliza ile "tik". Tikisa uone kinacholegea, na kagua mfuniko wa betri. Akikwambia boksi halifunguliwi mpaka ulipe kwanza, mshukuru, mtakie biashara njema, na umwachie boksi lake.